Pindo

Jumapili ile mhubiri mgeni alipotangaza
wenye kuamini walete dawa zao mbele
wazimwage kwenye beseni chini ya mimbari,
mimi, Mbodze, mvuna chumvi wa Gongoni,
nilipeleka chupa. Tupu.
Vidonge vya mwanangu nilivifunga fundo
kwenye pindo la leso, nikalikalia.

Watu wakapiga vigelegele.
Nami nikapiga, mkono mmoja mdomoni,
wa pili umebana fundo.

Msiwe na shaka, akasema, hata chembe.
Mwenye shaka ni wimbi.
Shaka aliitaja mara kumi na moja, nilihesabu.
Mashaka hakuyataja.

Neno ni lilelile, limevikwa *ma* mbele tu,
na ndani ya hiyo *ma* ndimo tunamoishi:
Kadzo ameshika goti usiku, mama, mifupa;
nauli ya kufika hospitali kuu Malindi;
foleni, karatasi ya maabara,
leo damu hakuna, rudi Alhamisi.

Basi wimbi nimelitazama. Nina nafasi ya kulitazama,
maana sisi hufungulia maji ya bahari
yaingie mabwawani kabla hakujapambazuka.
Linasukumwa, kweli. Linatupwa huku, linatupwa kule.
Ila sijaona hata moja
lililosukumwa likatoka baharini, likaenda zake.

Na ile habari ya mlima kung'oka,
hiyo msinifundishe.
Nimeuona mlima ukihama.
Mweupe, mrefu kuliko kanisa,
Machi nzima, kwa beleshi na magunia,
kina Karisa, kina Nyevu, nami,
nyayo zimepasuka, chumvi inaingia kwenye mipasuko.
Hakuna aliyeuambia mlima neno.
Au labda ndivyo unavyoambiwa.

Kasisi wetu wa siku zote, Ngowa, mtu wa sauti ndogo,
alinikuta nje naosha viti vya plastiki.
Alikuwa ameona. Nikangoja aniseme.
Akauliza: yule baba wa mtoto wa kifafa,
aliyeleta imani yake na upungufu wake
katika kikapu kimoja,
alirudishwa?
Nikajibu sikumbuki.
Kasome, akasema. Akachukua kitambaa,
akafuta viti viwili, akaondoka.

Nilisoma.
Hakurudishwa.

Usiku huu viungo vimemkamata tena.
Alfajiri tutashuka Malindi, nauli nimekopa.
Nafungua fundo. Vidonge vimeshika jasho langu,
kimoja kimekatika. Nampa nusu zote mbili.
Halafu napiga magoti, na maneno hayaji,
linakuja moja tu, nalizungusha mdomoni kama kokoto:
amini, imani, amana, amina.
Amana ni kitu cha mtu ulichoachiwa ukitunze
mpaka mwenyewe aje.
Sijui kama mtoto huyu atapona. Hilo silifichi;
aliyesikia chupa tupu ikilia kwenye beseni
analijua.
Ninachojua ni kwamba ana mwenyewe,
na kwamba mwenyewe hakunikataza kumpa maji.

Kuna mama mmoja, miaka kumi na miwili ya damu.
Hakuomba kwa sauti, hakusimamishwa mbele ya watu.
Alipenya umati kwa nyuma, kama mwizi,
akashika pindo.
Nimemsoma huyo mara nyingi kuliko wengine wote.
Hata baada ya kupona alikuwa bado anatetemeka.

Pindo nililo nalo mimi ni hili,
lina chumvi, lina unga wa kidonge.
Nalishika.

Mama, anasema Kadzo, umemaliza kuomba?

Bado.
Sogea huku nikukande goti.